Aliyetutapeli kazi ya Qatar yuko nje kwa dhamana. Tufanye nini?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mwaka jana mimi na wenzangu kumi na wanne tulimlipa wakala mmoja wa ajira atupeleke Qatar kufanya kazi ghalani. Kila mmoja alitoa shilingi 150,000, wengine kwa M-Pesa, wengine mkononi. Tukapimwa afya, tukapewa mikataba yenye mihuri, tukaambiwa tusubiri visa. Visa hazikuja, na ofisi ikahama usiku. DCI, wapelelezi wa polisi, walimkamata mwezi uliopita, akafikishwa kortini Jumatatu, na Jumatano tukamwona mtaani akinywa chai. Tumesikia alilipa laki mbili. Sasa ananitumia ujumbe eti "tuongee kama watu wazima, kesi haitakusaidia." Inawezekanaje mtu aliyekula zaidi ya milioni mbili atoke kwa laki mbili? Hizo laki mbili tutagawiwa? Na kuna njia ya kumrudisha ndani?

JIBU: Dada yangu, pole kwa yaliyowafika. Nianze na swali lako la katikati, maana jibu lake ni fupi na linauma. Hizo laki mbili si zenu. Pesa taslimu za dhamana ni amana. Aliyeziweka, awe ni yeye, mkewe au shemeji yake, alipewa stakabadhi, na kesi ikiisha atarudi nayo kudai zake, mshtakiwa awe amefungwa au ameachiliwa huru. Kinachoangaliwa ni kama alifika kortini kila alipotakiwa. Akitoroka mahakama inaweza kuzitwaa, lakini hapo zinaingia kwa serikali. Mara chache nimeona mshtakiwa akikubali mwenyewe dhamana yake walipwe walalamishi kama sehemu ya maelewano. Ni hiari yake, kwa hiyo msiziwekee hesabu.

Sasa la kwanza. Unaitazama dhamana kana kwamba ni sehemu ya deni. Hakimu anapoipanga hajiulizi mtu huyu amekula ngapi, anajiuliza ni kitu gani kitamrudisha hapa siku ya kesi. Kifungu cha 49(1)(h) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa bondi au dhamana, kwa masharti yanayofaa, ila tu kukiwa na sababu nzito za kumnyima. Haki hiyo haikubagua makosa, hata anayeshtakiwa kwa mauaji huiomba na wengine huipata. Kifungu cha 50(2)(a) kinamhesabu hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, kifungu cha 123(2), inasema kiasi kinachopangwa kisipite kiasi. Halafu kuna hili ambalo walalamishi wengi hawalijui: kujipatia pesa kwa njia ya udanganyifu, kosa ambalo kesi za namna hii hushtakiwa nalo, liko katika kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake ya juu kabisa ni miaka 3. Mitatu, dada. Kwenu nyinyi ni shamba lililouzwa na mkopo wa sako unaoendelea kukatwa. Kwenye karatasi ya hakimu ni kosa la miaka mitatu, linalorudiwa mara kumi na tano.

Nikueleze inavyokwenda, maana nimesimama pande zote mbili za chumba kile. Asubuhi ya kusomewa mashtaka hakimu ana rundo la faili mezani. Karani anasoma shtaka la kwanza, la pili, la tatu, na mshtakiwa anajibu "si kweli" kwa kila moja. Wakili wake anainuka: mteja wangu ana mke na watoto, makao yake yanajulikana, alijisalimisha bila fujo, tunaomba masharti nafuu. Hakimu anageukia upande wa mashtaka. Kiongozi wa mashtaka, ambaye faili hilo amekabidhiwa asubuhi ile ile, anapekua kurasa, anamtafuta afisa mpelelezi kwa macho, hamwoni, kisha anasema, "Hatupingi dhamana, Mheshimiwa." Hakimu anatamka bondi, yaani ahadi ya maandishi ya kulipa akitoroka, ya nusu milioni na mdhamini wa kiasi hicho, au pesa taslimu laki mbili. Kesi itatajwa baada ya wiki mbili. Faili nyingine. Nyinyi kwenye mabenchi ya nyuma bado mnaulizana, "Amesema nini?"

Mtaani jibu la haraka ni kwamba hakimu ameonwa. Ukiwa na ushahidi wa hongo, Mahakama ina ofisi ya kupokea malalamishi, ipelekee. Lakini dhamana ndogo peke yake si ushahidi wa kitu. Ninachokiona mara nyingi ni kwamba hakuna aliyempa hakimu jambo lolote la kumfanya asite. Mzigo wa kuonyesha hizo sababu nzito uko kwa upande wa mashtaka, na wakinyamaza, Katiba imeshajibu kwa niaba yao.

Kwa hiyo tuzungumze sababu hizo ni zipi, maana hapa ndipo walalamishi wanapopotea. Wanaandika barua ndefu kwamba mtu huyu ni mwovu, ametufukarisha, jamii ina hasira naye. Yote huenda ni kweli, ila hakuna hata moja linalomzuia mtu rumande. Dhamana haitumiki kumwadhibu mtu kabla ya hukumu. Mahakama inataka kujua kama atatoroka, kama atawaingilia mashahidi, kama atarudia kosa akiwa nje, na pengine kama yeye mwenyewe yuko salama huko nje. Kifungu cha 123A cha Sura ya 75 kinaongeza uzito wa kosa, nguvu ya ushahidi, uhusiano wake na jamii anamoishi, na kama aliwahi kupewa dhamana akaikimbia.

Ukiyapima hayo kwa kesi ya kazi za ng'ambo, utaona ulaghai huu una silaha ambazo kesi ya kawaida ya deni haina. Kazi ya mtu wenu ni safari. Anajua njia, ana marafiki Doha na kwingineko, pasipoti yake ina mihuri. Ofisi yake ilihama usiku bila kuwaaga watu 15 waliokuwa wanamdai. Hilo peke yake linamweleza hakimu jinsi anavyoondoka, lakini je, limeandikwa popote kwenye faili? Mwenye nyumba aliyempangisha ameandikisha taarifa? Laini za simu alizopokelea pesa zimesajiliwa kwa jina lake, au kwa majina ya watu wengine? Mtu mwenye laini nne za majina manne, maneno ya wakili wake kwamba "makao yake yanajulikana" yanaanza kutikisika.

Na pasipoti zenu ziko wapi? Umenieleza habari za mikataba na vipimo vya afya, hukugusa pasipoti. Mawakala hawa hupenda kukaa nazo. Kama anazo bado, anashikilia vielelezo vya kesi na wakati huo huo anawashika nyinyi mkono, kwa kuwa shahidi anayetaka pasipoti yake irudi ni rahisi kulainishwa. Mwambieni afisa mpelelezi leo.

Kuhusu kurudia kosa, nina jambo langu la kukiri. Nikiwa wakili mchanga nilimtetea mtu wa biashara hii hii. Nilisema maneno yale yale ya mke, watoto na makao, na nikayasema vizuri, akatoka kabla ya saa sita. Wiki haijaisha, kijana mmoja akaja ofisini kwangu kuuliza njia ya kwenda kwa "mkurugenzi" kwa sababu alikuwa amebakiza elfu thelathini za kumalizia visa. Alikuwa ametumiwa namba hiyo siku tatu zilizopita. Mteja wangu alikuwa anaandikisha watu kwa WhatsApp akiwa nje kwa dhamana niliyomwombea mimi. Nilijitoa kwenye kesi ile. Tangu siku hiyo nikimwona mshtakiwa wa kazi za ng'ambo, kitu cha kwanza ninachotaka kujua ni kama tangazo lake bado liko hewani.

La mtu wenu liko? Mwombeni mtu asiyejulikana kwake aangalie kurasa zake na hadhi yake ya WhatsApp. Kama anaendelea kutangaza nafasi, pigeni picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa, na simu iliyopokea ihifadhiwe bila kufutwa kitu, maana ushahidi wa kielektroniki huhitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi na mpelelezi atataka chombo chenyewe. Angalieni pia orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Cheti cha kusajili kampuni, kile wanachokitundika ukutani kwenye fremu, hakimpi mtu ruhusa ya kupeleka wafanyakazi nje. Kama hayumo kwenye orodha, kuandikisha watu ni kosa jingine chini ya sheria za kazi.

Kuhusu kumrudisha ndani: njia ipo, lakini haipiti kwenye maandamano nje ya korti. Dhamana ikishatolewa, upande wa mashtaka unaweza kuomba ifutwe au masharti yakazwe, kama mshtakiwa amevunja sharti au kumejitokeza jambo ambalo hakimu hakulijua. Mahakama Kuu nayo ina uwezo wa kupitia upya uamuzi wa hakimu. Vyote hivyo vinaanza na kiapo cha afisa mpelelezi, na kiapo hicho hakiwezi kubeba zaidi ya mlichompelekea.

Na nyinyi si watazamaji. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inawapa haki ya usalama wenu na wa familia zenu kuzingatiwa masharti ya dhamana yanapopangwa, na haki ya kusikilizwa kabla ya uamuzi unaowagusa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi, hata kupitia wakili wake, bila kugeuka kiongozi wa mashtaka wa pili. Mkiwa watu 15, msiende 15. Chagueni wawili wanaoweza kuongea bila kufoka. Waende ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma inayohudumia korti hiyo, na namba ya kesi mkononi, na barua ya ukurasa mmoja iliyosainiwa na wote: alivyohama usiku, laini alizotumia, pasipoti anazozishikilia, matangazo yanayoendelea, na ujumbe aliokutumia wewe. Nakala moja kwa mpelelezi. Mkiombwa kurasa kumi, ongezeni viambatisho, barua ibaki moja.

Nikiwa mkweli, huenda hakimu asimrudishe rumande, na mimi singewaahidi hivyo. Ninachokiona kinapatikana mara nyingi zaidi ni masharti makali, na kwa ulaghai huu masharti mazuri yanaweza kuwafaa kuliko mahabusu. Aiache pasipoti yake kortini na idara ya uhamiaji ijulishwe asipewe hati nyingine ya kusafiria. Aripoti kwa mpelelezi kila wiki. Asiwasiliane na shahidi yeyote, yeye mwenyewe wala kupitia ndugu. Asijihusishe na kuandikisha wafanyakazi mpaka kesi iishe. Na kama ingekuwa juu yangu, ningeomba zile pesa taslimu ziongezewe mdhamini mwenye hatimiliki ya ardhi. Laki mbili mlaghai anaweza kuzipata kwa wahanga wawili wapya, na kwake ni gharama ya biashara. Mdhamini aliyeweka shamba lake atampigia simu kila jioni kuuliza yuko wapi, kwa sababu akitoroka ni yeye atakayeitwa kueleza kwa nini asilipe kiasi alichosaini.

Kitu kingine kinachobadilisha uzito wa dhamana ni shtaka lenyewe. Kuna wakati kinachoitwa ulaghai wa kazi huwa ni usafirishaji haramu wa watu, na hapo tunatoka kwenye miaka 3 tunaingia kwenye Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya 2010, ambayo adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua milioni 30, au vyote viwili. Tofauti iko kwenye lengo. Mlaghai wa kawaida anataka pesa zako, na baada ya hapo hana haja na wewe. Msafirishaji anakutaka wewe mwenyewe, ili ukanyonywe. Wakenya walioahidiwa kazi nzuri Thailand wakajikuta Myanmar, wamefungiwa kwenye majengo na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni, wanajua tofauti hiyo. Na sheria haingoji upande ndege: kumwandikisha mtu kwa hila kunatosha, mradi lengo liwe ni unyonyaji. Kwa mlivyonieleza, yenu inaonekana ni ulaghai wa pesa. Lakini kama kuna kundi aliwahi kulipeleka kabla yenu na mnajua lilivyotendewa huko, mpelelezi anahitaji majina yao kuliko anavyohitaji machozi yenu. Hata hivyo msimshinikize aongeze shtaka lisilo na ushahidi ili mtu anyimwe dhamana. Shtaka la kupachika hubomoka katikati ya kesi, na linaweza kuyachafua yaliyokuwa imara.

Mnaweza pia kudai pesa zenu bila kungoja kesi ya jinai. Kifungu cha 193A cha Sura ya 75 kinaruhusu kesi ya jinai na ya madai ziende sambamba. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi milioni moja, yakiwemo ya pesa alizopokea mtu na kubaki nazo, na sheria yake inataka iamue ndani ya siku 60. Laki na nusu ya kila mmoja inaingia humo bila shida. Kupata hukumu ni rahisi kuliko kukamata mali, kwa hiyo kabla ya kufungua chunguzeni ana nini kwa jina lake. Hakimu wa jinai naye anaweza kuamuru fidia akimtia hatiani, ila hapo mtasubiri hadi mwisho.

Umebaki ujumbe. "Tuongee kama watu wazima" ni maneno niliyoyasoma kwenye simu za walalamishi wengi, na kinachofuata nakijua. Atakupa elfu arobaini mkononi, aahidi salio kwa hundi za miezi ijayo, kisha akupe karatasi usaini kwamba umeondoa malalamishi. Kifungu cha 204 cha Sura ya 75 kinamruhusu mlalamishi kujiondoa kwa idhini ya mahakama, na mahakama ikikubali, inamwachilia huru mshtakiwa kwa shtaka hilo. Hundi zikirudi baadaye, utakuwa huna kesi ya jinai ya kuifufua. Sikuzuii kulipwa. Pesa ni zako, na mtu mwenye deni la sako hawezi kuishi kwa kusubiri haki. Lakini yafanyike mbele ya kiongozi wa mashtaka, wenzako 14 wakijua, pesa zote ziwe zimeingia kwenye akaunti, na karatasi isainiwe baada ya hapo.

Anachagua mmoja mmoja, umeliona hilo? Amekuandikia wewe, hajaandika kwenye kundi lenu. Waulize wenzako leo jioni nani mwingine amepokea ujumbe kama huo. Mkiwa wawili watatu, huko ni kuingilia mashahidi kwa mpango, na ndiyo hoja yenu yenye nguvu zaidi kuliko zote nilizotaja hapa. Usimjibu, usimtukane, usimfungie namba. Acha ujumbe ulipo, upigwe picha, na uende nao kwa mpelelezi kabla kesi haijatajwa tena, halafu siku hiyo mfike saa mbili asubuhi, kabla kiongozi wa mashtaka hajaingia ndani.